Nafasi Kuliani kwa Fundi Cherehani

Ndugu zangu, kabla hatujasimama kusali, nitegeeni sikio kidogo.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu wa safu ya kwanza. Nusu ya kanzu zilizokuwa zikirukuu nyuma ya imamu wake alizishona yeye. Akaugua utumbo, akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Madaktari wakampasua, wakautoa utumbo mkubwa ulioharibika, na ncha ya utumbo mdogo wakaitokeza nje kwenye tundu tumboni, upande wa kulia. Tangu siku hiyo choo kinapita hapo, majimaji, wakati wowote, bila kumwomba ruhusa. Juu yake hubandikwa mfuko.

Alipozinduka akaiona ncha ile, kinyama chekundu, chenye unyevu kama ndani ya shavu, alilia. Nani kati yetu asingelia?

Muuguzi akamfundisha: mfuko usiungoje ujae, ukifika theluthi umwage. Ngozi uioshe kwa maji ya uvuguvugu, uikaushe vizuri. Unywe maji ya kutosha na yale ya chumvichumvi, maana mwili wako sasa unakauka upesi. Kazi ya kukata tundu la kibandiko cha mfuko, lienee kinyama sawasawa ili choo kisiichome ngozi, fundi alitaka kumwachia mkewe. Mkewe akacheka.

"Umewakatia kanzu watu wa mji mzima, leo kijiduara hiki kikushinde? Shika mkasi, bwana."

Akashika, akakata, likaenea.

Lakini msikitini hakwenda. Choo kinatoka muda wote, udhu wake utakuwa udhu gani? Alipopiga moyo konde kumuuliza imamu wake, akajibiwa kwa upole: "Wewe una udhuru. Wakati wa sala ukiingia, jisafishe, tia udhu, uje. Kinachotoka bila hiari yako hakikufukuzi hapa."

Ijumaa ile akamwaga mfuko, akaoga, akavaa, akasimama mahali pake. Imamu akasema, sawazisheni safu, zibeni mapengo. Watu wakabanana bega kwa bega, isipokuwa kuliani kwake. Pale palibaki nafasi ya mtu mzima, na hakuna aliyesogea.

Mnajua alisali vipi? Alisali akijinusa. Mfuko ulikuwa umefungwa barabara, hautoi harufu yoyote, lakini maskini alijinusa mpaka salamu. Akaondoka bila kupeana mkono na mtu.

"Wamekwambia nini?" mkewe akamuuliza.

"Hakuna aliyesema neno. Siendi tena."

Alasiri, jirani yake wa safu akaja na kichane cha ndizi, uso umejaa furaha. "Sheikh wangu, mbona ulituponyoka? Tulivyofurahi kukuona! Tena tulikubaliana tukuachie nafasi upande wa mfuko, tusije tukakugonga ukaumia."

Fundi akamtazama. "Kumbe ilikuwa huruma?"

"Ingekuwa nini tena?"

"Mbona hamkuniuliza?"

"Tuliona haya."

"Basi nikwambie, ndugu yangu. Kile kinyama ukikigusa, sisikii maumivu hata kidogo. Pale mlipopaacha wazi ndipo paliponiuma, na bado panauma."

Ndugu zangu, watu wale hawakumchukia. Laiti wangemchukia, hotuba yangu leo ingekuwa rahisi. Walimpenda, na kwa mapenzi hayohayo wakamfukuza, kwa sababu tu waliona haya kumuuliza swali moja. Sisi je? Yule dada aliyeondolewa titi, yule mzee asiyeweza kuzuia mkojo, tumewafanyia nini? Tunapunguza sauti wakipita. Tunawapelekea chakula cha harusi nyumbani, wasipate tabu ya kuja, halafu tunalala tukijisifu kwamba tuna huruma. Kwani kuuliza kunatugharimu nini? Mwenzangu, nikae wapi, nikusaidie nini? Akitaka nafasi atasema mwenyewe, ana mdomo.

Mnataka kujua kama fundi alirudi. Hakurudi. Jirani yake humpitia kila Ijumaa akimsihi, naye kwa adabu kabisa humjibu, "Tangulia, nakuja." Haji.

Haya, wakati umeingia, simameni. Ila kabla sijasema sawazisheni safu, kila mmoja wetu atazame kuliani kwake, ajiulize ni nani aliyekuwa akisimama hapo.