Sufuria la Jiko Moja

Sogeeni karibu, na anayetafuna muwa atafune polepole, maana mwishoni nitawakabidhi mwiko na mtatakiwa kuamua. Hadithi hii haina sungura wala jini. Ina sufuria, ina chupa, ina faneli ya kumiminia mafuta ya taa, na ina wanawake watatu wa mtaa mmoja mjini Muheza ambao walipendana sana, ila si kila siku.

Wa kwanza ni Tunu. Tunu alijaliwa mikono. Mpe miiko miwili, mfudikizie sufuria kubwa sakafuni, na hata bibi mwenye goti bovu atajikuta amesimama.

Wa pili ni Sikudhani. Yeye alijaliwa masikio. Alipanga chupa tupu za soda juu ya ubao, akatia maji katika kila moja kwa kipimo chake, akaweka alama kwa rangi ya kucha ili kesho yake asihangaike, kisha akazigonga kwa kijiko. Wimbo wowote ukipita barabarani asubuhi, jioni ulikuwa umeshaingia chupani.

Wa tatu ni Hidaya. Hidaya alijaliwa pumzi na mdomo. Alichomeka faneli kwenye kipande cha mpira wa maji, na akipuliza ungedhani tarumbeta la askari. Akiuweka chini mpira huo, aliimba. Akichoka kuimba, aliigiza sauti za watu: mwalimu mkuu, jogoo mwenye mafua, mama mkwe wako ukiwa umesimama hapo hapo. Huyu Hidaya alikuwa dada wa Mbaruku, na Mbaruku alikuwa mume wa Sikudhani, kwa hiyo Hidaya na Sikudhani walikuwa mawifi.

Bendi yao waliiita Jiko Moja. Sufuria walipewa na Bi Chaurembo, aliyepika pilau la harusi za mtaa mzima mpaka macho yake yakafifia na sufuria lenyewe likatoboka.

"Mie sioni, nalo linavuja," alisema. "Tumestaafu pamoja. Lichukueni mlipige, na si la mmoja, ni lenu nyote."

Wakaandika jina la bendi ubavuni kwa rangi nyekundu. Mwanzoni watu waliwacheka. "Mmekosa kazi mpaka mnapiga vyombo?" Baadaye ikawa hakuna kicheni pati ya kumfunda mwali wala harusi iliyohesabiwa kuwa imefana kama Jiko Moja hawakuwepo.

Sasa niwaambie kilichokuwa moyoni mwa Sikudhani, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu.

Kila walipopiga, watu waliita jina la Hidaya. Wenye kutuza walipita mbele ya sufuria, wakapita mbele ya chupa, wakaenda kumtandika Hidaya kanga mabegani. Watoto wakikutana nao njiani walisema, "Bendi ya Hidaya hiyo!" Siku moja walirudi kutoka Mkanyageni, na Mbaruku, aliyekuwa amechungulia shughuli kutoka dirishani pamoja na wanaume wenzake, alikuwa bado anatikisa kichwa kwa furaha.

"Dada leo ameua," alisema.

"Na mimi?" aliuliza Sikudhani.

"Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwa nyuma ya chupa."

"Ala! Nikadhani yule anauza soda."

Sikudhani akacheka kwa kuwa mumewe alicheka. Lakini kesho yake alipokuwa akiosha chupa zake, moja ilimvunjikia, na hakujua kama aliidondosha au aliibamiza.

Siku zikaenda, na bendi ikafika mwisho wake kama vitu vingi vinavyofika, bila ugomvi. Mume wa Hidaya alipata kazi Mpanda. Binti wa Tunu alijifungua mapacha huko Handeni, na Tunu akaitwa akawalee. Wawili wanaondoka, mmoja anabaki. Hapo ndipo swali la sufuria lilipozuka.

"Mimi naenda nalo Mpanda," alisema Hidaya. "Kule hawajawahi kuona mambo haya."

"Utalipiga kwa mdomo?" aliuliza Tunu. "Limezoea mikono yangu hili. Kila bonde lililomo nimelitia mimi."

Sikudhani naye alikuwa ameshafagia pembe ya baraza lake na kutandika gunia mahali ambapo sufuria lingekaa. Alijua kwamba likibaki kwake, wasichana wa mtaa watakuja kujifunza, na siku moja mtu atasema, "Nendeni kwa Sikudhani, mwenye Jiko Moja." Na likiondoka, yeye atabaki mwanamke mwenye chupa tupu, na watu watasimulia kwamba palikuwa na bendi ya Hidaya, na wifi yake naye alikuwa anakaakaa pale.

Wakapeleka shauri kwa Bi Chaurembo.

"Nilisema ni lenu nyote," alifoka yule bibi, "sasa mnataka nilikate kama keki? Haya. Kesho kutwa namfanyia kicheni pati mjukuu wangu Mashavu. Pigeni hapo, iwe kuagana. Atakayemtoa mwali chumbani, sufuria ni lake. Na mniache, nina njaa."

Mashavu alikuwa yatima wa mama. Mama yake, Semeni, binti wa Bi Chaurembo, alifariki wakati Mashavu akiwa darasa la saba. Siku ya shughuli ilipofika, uwanja ulijaa mashangazi na majirani katika sare za kanga. Mwali alikuwa chumbani, amefunikwa, akingoja kutolewa. Vikapigwa vigelegele vya kumwita. Hakutoka. Vikapigwa tena. Mlango kimya.

Bi Chaurembo akaupapasa mlango. "Mashavu, wali unapoa."

"Bibi, sitoki," ilisikika sauti. "Mama ndiye aliyekuwa anitoe. Nataka niimbiwe wimbo wake, ule aliokuwa akiimba akiosha vyombo. Nikiusikia natoka."

Wanawake wakatazamana. Semeni alikuwa ameosha vyombo katika shughuli za watu maisha yake yote, huko uani nyuma ya majiko, na aliimba peke yake. Nani amsikilize muosha vyombo? Hata mama yake mzazi, Bi Chaurembo, alikiri. "Mie nilikuwa na moshi na kelele za mafuta. Najua aliimba. Sijui aliimba nini."

Hidaya akasimama. Alipokuwa msichana alitumwa kuteka maji bombani pale kwa Semeni, na maneno ya wimbo aliyashika yote. Akaelekea mbele ya watu kama kawaida yake, akapuliza faneli, akaimba. Maneno yalikuwa yenyewe, lakini mahadhi yalikuwa yameshamtoka kichwani, akatia yake ya kuchezeka. Watu wakapiga makofi, viuno vikaanza kwenda.

Kutoka chumbani Mashavu akasema, "Maneno ni ya mama. Lakini huyo ni shangazi Hidaya."

Uwanja ukaangua kicheko. Hidaya akajifuta jasho.

Tunu akalivuta sufuria. Yeye alikuwa ameinama na Semeni kwenye beseni moja katika shughuli nyingi, na ingawa hakushika maneno wala mahadhi, alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Bega la Semeni lilikuwa bovu. Alisugua mara mbili, akapumzika kidogo, akasugua tena mara mbili, na wimbo wake ulipumzika pamoja na bega. Basi Tunu akapiga hivyo, taratibu, akiacha lile pengo.

"Hivyo ndivyo alivyosugua," Mashavu alisema kutoka chumbani. "Ni mikono yake. Yeye mwenyewe simsikii."

Mlango haukufunguliwa. Na Sikudhani je?

Sikudhani alikuwa ameketi nyuma ya chupa zake, kijiko gotini. Mahadhi ya wimbo ule aliyajua tangu zamani. Alipoolewa mtaani pale alikuwa na haya hata ya kwenda bombani, akakaa nyuma ya ua wa makuti, na upande wa pili wa ua Semeni alikuwa akiosha vyombo na kuimba. Maneno hayakumfikia, ila sauti ilimfikia. Hata chupa za kwanza alizowahi kutia maji, alizitia akiutafuta wimbo huo. Hakuna aliyejua.

Sasa angeweza kuinua kijiko, lakini hakukiinua. Hidaya alijaribu tena, akabadilisha sauti, akakwama, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kandambili sokoni. Kumwona hivyo kulimburudisha Sikudhani kama maji ya mtungini. Mwache, alijiambia. Leo naye aimbe bila chupa, aone. Akajifanya anamimina maji kutoka chupa hii kwenda ile.

"Bibi," sauti ya Mashavu ilisema, "waambie wageni wale waende. Sitaki tena."

Wanawake wakaanza kuokota mikoba na viatu. Bi Chaurembo alibaki na kiganja mlangoni. Ndipo Sikudhani akasikia, na ni yeye peke yake aliyesikia kwa yale masikio yake, kwamba nyuma ya mlango binti alikuwa analia huku ameziba mdomo kwa kanga.

Akainua kijiko akagonga.

Uwanja ukasimama. Chupa ziliimba wimbo mdogo, mwepesi, unaopanda kidogo na kushuka kama mtu anayepanga sahani. Chumbani kilio kikakatika.

"Nani huyo?" aliuliza Mashavu. "Nani aliyempa wimbo wa mama?"

Hidaya akageuka polepole. "Wifi, kumbe unaujua?"

"Hukuniuliza."

"Umeniacha nihangaike mbele za watu wote hawa na unaujua?"

"Imba, wifi."

Hidaya alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kukausha chupa zote. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaweka faneli chini, akawapa watu mgongo, akachuchumaa kwenye beseni la vyombo vichafu na kuingiza mikono majini. Akaimba kwa sauti ya Semeni, ile ya chini yenye mkwaruzo, bila madoido:

*Sahani ya mgeni weka juu,*
*ya mtoto weka karibu,*
*yangu mie nioshe mwisho,*
*sina haraka, sina haraka.*

Mwanzoni chupa zilikimbia na sauti ikabaki nyuma. Tunu akaingia na sufuria, mara mbili na pengo, mara mbili na pengo, na wote wakatulia ndani ya mwendo wa lile bega bovu. Waliokuwa wamevaa viatu wakavivua. Mlango ukafunguka. Mashavu alitoka na kanga kichwani, akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akapiga magoti, akachukua sahani na kuisugua. Bi Chaurembo akafuata sauti ya maji mpaka akamfikia, akamshika shingoni, na vigelegele vya siku ile vilisikika hadi stendi.

Walipokwisha kula, bibi akadai mwiko.

"Haya. Nitaligonga sufuria mbele ya mshindi. Nani kamtoa mjukuu wangu? Mie sioni, niambieni."

Mngesikia fujo!

"Hidaya!" walisema wengine. "Wimbo bila maneno si wimbo, na sauti ile ilikuwa ya marehemu mwenyewe."

"Tunu! Bila yeye chupa zilikuwa zinakimbia kama mbuzi walioona chui."

"Sikudhani! Chupa ndizo zilizomrudisha mwali aliyekwisha kukata tamaa."

"Huyo ndiye aliyekalia wimbo wakati mtoto anaungoja," alidakia mmoja. "Atuzwe kwa kuchelewa?"

Sikudhani akainamisha uso. Alitamani ubao wa chupa uwe mrefu zaidi ili ajifiche.

"Basi apewe Tunu," alisema mwingine. "Yeye peke yake hana kijicho."

"Msinisifu bure," alisema Tunu. "Kila Hidaya alipotandikwa kanga, nilizidisha mikono ili asisikike."

Watu wakacheka, lakini Hidaya hakucheka.

"Mnadhani mimi nilikuwa na raha?" alisema. "Wifi yangu huyu sijawahi kumpenda nikiwa jukwaani. Siwezi kuanza hata mstari mmoja mpaka nisikie chupa yake. Ninyi mnaniita mimi, na mimi namgoja yeye. Miaka yote namgoja. Leo nilijaribu bila yeye, mmeona wenyewe."

Sikudhani akainua macho. Haikuwa imempitia kichwani hata siku moja kwamba mtu angeweza kumwonea wivu yeye, mtu wa nyuma ya chupa.

Bibi akamuuliza mwali mwenyewe. Mashavu akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Nilisikia mama yuko nje anaosha vyombo," alijibu. "Sikusikia watu watatu."

Basi wakasimama pale. Gari la Mpanda linaondoka alfajiri, la Handeni linalifuata, na pembe ya baraza lake Sikudhani ameshaifagia. Tunu ameshika ukingo mmoja wa sufuria, Hidaya ameshika mwingine. Sikudhani naye ameweka mkono wake juu ya yale maandishi mekundu, na kidole chake kimegusana na cha wifi yake, wala hakuna anayekiondoa. Bi Chaurembo ameinua mwiko, na kwa kuwa haoni, anaunyoosha huku na huku hewani akitafuta wa kuupokea.

Upokee wewe. Ndiyo, wewe uliyemaliza muwa wako. Mmoja alileta maneno, mmoja alileta mwendo, mmoja alileta mahadhi na akayachelewesha. Sufuria ni moja.

Utaligonga mbele ya nani?