Lubugo la Wanaume Saba

Sogea. Weka kiganja hapa kwenye goti langu useme, "Shangazi, nikilitoa neno hili nje ulimi wangu uote magugu." Sema. Nimesikia. Na wewe uliye mlangoni usijifanye unamenya ndizi, sikio lako naliona limesimama. Weka na wewe mkono. Ndani ya hadithi hii kuna mtu ambaye hataki ijulikane alichokifanya, na mimi nilimwahidi sitasema, ndiyo maana nawaambia nyinyi tu.

Haya. Hapo zamani, vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi na miwili, palikuwa na kijiji kwenye vilima vya migomba. Ukungu wa huko unaingia ndani bila hodi, unakaa mpaka chai iive. Hapo aliishi mama mmoja, Ma Kokushubira, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, wa kiume, jina lake Mushobozi. Mushobozi alikwenda vitani. Haikurudi barua, haikurudi maiti, halikurudi hata shati.

Sasa watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Mtu akifia mbali, mwili usionekane, nyumbani wanakata mgomba wa kimo chake. Wanauvika lubugo, ile nguo ya gome la mti ya kuzikia wafu, wanauzika na kuulilia kama mtu. Mgomba unalala mahali pake na mwenyewe anatulia huko aliko. Lakini hawauziki mpaka ajitokeze mtu wa kusema, "Nilimwona akifa." Bila huyo unaweza kumlilia mtu, kumbe yuko mji mwingine anakula samaki.

Ma Kokushubira hakuwa na wa kumwambia hivyo. Basi kila akisinzia mchana, mwanawe anakuja. Anasimama kizingitini, anachuruzika maji.

"Ma, naona baridi."

"Ingia baba, moto huu hapa."

Haingii. Anachuruzika tu. Mama akiamka anapapasa kizingiti, kimelowa, na mvua haijanyesha wiki nzima. Mnanitazama nini? Nasema nilivyopewa.

Kijiji hicho hicho kilikuwa na wanaume waliorudi kutoka vitani, na wawili kati yao ndio wa hadithi hii, kila mmoja na kikosi chake. Wa kwanza, mzee waliyemwita Ta Mutashobya kwa heshima, alirudi na mkono mmoja. Wa pili, Byabato, alirudi na mikono yote miwili ila maneno aliyaacha huko huko.

Ta Mutashobya alikuwa fundi wa lubugo, na mafundi wengine walikuwa wamekwisha kufa. Mti wake ulimea juu ya kaburi la baba yake. Akabandua gome, akalilainisha kwa mvuke, akaanza kuliponda kwa nyundo ya mti. Mkono mmoja. Ta, ta, ta, asubuhi. Ta, ta, ta, jioni. Siku ishirini. Gome likawa pana kama ukuta, laini kama sikio la ndama.

"La nani hilo, Ta?"

"Langu. Nililala kwenye matope miaka miwili. Siendi ardhini tena bila nguo."

Alipomaliza, kifua kikamshika, nyundo haikunyanyuka tena. Lubugo lile ndilo likawa la mwisho.

Byabato naye alikuwa na ndoto. Anaota mchana, baada ya chakula, ndoto moja tu: wanaume saba wanavuka mto, buti zimening'inia shingoni. Akiamka kabla hajasemeshwa, mkono wake unajua kuchora. Akisemeshwa tu, hata "umeshindaje", ndoto inaruka kama kuku na mkono unakuwa mkono wa mtu yeyote. Kwa hiyo mkewe alikuwa akilaza jani la mgomba njiani. Ukilikuta hilo jani unapita na mdomo wako umeufunga, kijiji kizima kilijua. Mimi ningepasuka. Nacheka, lakini ningepasuka kweli.

Byabato alichora kwenye kuta za nyumba yake, kwa masizi. Mvua ikaja ikafuta. Akachora, mvua ikafuta. Ta Mutashobya alipita siku moja akaona miguu ya wanaume inateremka ukutani na maji. Akaenda kwake, akarudi na lubugo begani.

"Chora hapa. Siku nikifa nitalichukua."

Byabato akachora kwa masizi, kwa udongo mwekundu, kwa utomvu wa mgomba, na mnajua utomvu wa mgomba ukishika nguo umeshika. Kila mchana kidogo. Alipomaliza mtu wa saba, ndoto ikakoma. Akalala kama mtoto mchanga. Lakini mkono nao ukafa ganzi, hakuweza kuchora tena hata kuku.

Sasa shuleni pale kulikuwa na mwalimu, Kemilembe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Watoto wake mchezo wao ulikuwa mmoja, vita. Wanachonga bunduki za mabua ya mgomba, "Wewe umekufa, lala. Mbona hulali?" Kemilembe akachoka. Akaliomba lubugo kwa Ta Mutashobya, akalitundika ukuta wa nyuma wa darasa, akamwita na Byabato mwenyewe.

Upepo ukipita dirishani, lubugo linacheza, na wale wanaume saba wanatembea. Watoto wakageuka wote. Binti mmoja akauliza, "Babu, bunduki ziko wapi?"

Byabato alikuwa hajasema neno mbele za watu miaka kumi na miwili. Akasema, "Bunduki mnachonga wenyewe kila siku. Miguu je, mmeitazama?"

Wakaitazama. Huyu kidole hakipo. Huyu amefunga kitambaa. Huyu anakanyaga kwa kisigino. Wakaanza kuuliza, naye akaanza kujibu, kidogo kidogo, kama bomba lililokauka linapoanza kurudisha maji. Binti yule akasinzia kwenye dawati, akaamka miguu imelowa.

Watoto wakarudi nyumbani wakawauliza na baba zao. Kumbe kila nyumba ilikuwa na mtu aliyenyamaza. Watu wazima wakaanza kuja Ijumaa kukaa kwenye yale madawati madogo, magoti yamegusa kidevu. Ta Mutashobya anasimulia ya kwake, Byabato anaonyesha kwa fimbo. Wakaja hadi kutoka ng'ambo ya kilima, mtu na kigoda chake. Na zile bunduki za mabua zikaozea nyuma ya choo.

Ma Kokushubira alikuwa haendi. Atafuta nini kwenye vita? Lakini Ijumaa moja jirani zake walimvuta mkono, akaenda, akakaa mbele. Akawatazama wale wanaume, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa wa saba akasimama.

Wa saba alikuwa amevaa sufuria kichwani kama kofia, mdomo wazi, anacheka. Na sufuria ilikuwa na mkono mmoja.

"Byabato," akasema, "huyu ni nani aliyevaa sufuria yangu?"

Upepo ukapita, wale saba wakatembea.

"Nimekuuliza, baba. Mkono wa pili wa sufuria hiyo uko jikoni kwangu, niliuvunja mwenyewe. Ni nani?"

"Ni Mushobozi, Ma. Alikuwa nyuma yangu. Anatuchekesha, maji yamefika kifuani. Nilipogeuka sufuria inaelea, yeye nikamwona mara moja tu, mkono. Halafu maji."

"Ulimwona akifa."

"Nilimwona."

"Miaka kumi na miwili unapita mbele ya mlango wangu."

"Nilikuwa nakuja kukwambia, Ma. Nikifika kwenye mgomba wako wa kwanza miguu inageuka."

"Mgomba wangu wa kwanza unaujua, mlango huujui."

Hakupiga kelele, mama yule. Alikaa. Shahidi alikuwa amepatikana. Kesho yake akamwita Kyaruzi, mchimba makaburi, achimbe nyuma ya nyumba. Wakakata mgomba wa kimo cha Mushobozi, wakaubeba mpaka barazani mwa shule, wakaulaza. Ma Kokushubira akasimama mlangoni akasema:

"Nimefuata nguo ya mwanangu. Yumo humo tayari, nimvike nyingine ya nini? Na nyingine haipo. Kila siku anasimama kizingitini analia baridi. Nyinyi mnajifunza, mimi sijazika."

Ta Mutashobya akakohoa, akasema:

"Shemeji, pole yako ni pole yangu. Lakini lile ni gome la kaburi la baba yangu, na jasho la mkono mmoja. Niliazimisha, sikutoa. Kifua hiki hakifiki mavuno. Mtanivika nini, shuka la maua?"

Watu wakacheka, naye akacheka, akakohoa tena, wakaacha kucheka.

Mwalimu Kemilembe akasema:

"Mimi sina changu hapa, nasema ya watoto. Kaka zao walikwenda vitani wakiimba kwa sababu hakuna aliyewaonyesha miguu. Tangu nguo hii itundikwe hakuna mtoto aliyemwambia mwenzake 'umekufa, lala'. Ikienda ardhini, atakayewaambia ni nani? Wale waliorudi watakufa. Wimbo wa vita haufi."

Byabato alikuwa wa mwisho. Mama akamkatiza, "Wewe una mdomo leo?"

"Ninao, Ma. Nilikukosea. Sikuweza kumwambia mtu mmoja, nguo hii ikawaambia watu mia kwa niaba yangu. Ninalala kwa sababu ndoto imetundikwa ukutani. Mkiifukia, najua itarudi wapi. Na kuchora tena siwezi."

Hapo Kyaruzi, amesimama dirishani na jembe lake, akasema, "Si mkate tu? Mama achukue kipande chenye mtoto, mambo yaishe."

"Kyaruzi," akasema Ta Mutashobya, "lubugo likipitiwa na kisu si nguo ya kuzikia tena, ni tambara la kufutia meza. Rudi shimoni kwako."

"Na ukimkata huyo wa saba," akasema Byabato, "wanabaki sita. Watoto watajifunza kwamba tulirudi wote."

Ma Kokushubira aliwatazama wote, mmoja mmoja. Akasema, "Mnaongea sana. Aulizwe mwenye baridi."

Akaingia darasani, akatandika khanga chini ya lubugo, akajilaza mchana kweupe. Kemilembe akatoa watoto nje, wananyata kwa vidole vya miguu. Mke wa Byabato akaleta jani la mgomba, akalilaza mlangoni. Shule nzima, wazee, wanawake, watoto, wakakaa kwenye majani bila neno. Hata mbuzi walijua.

Mama akasinzia. Mwanawe akaja. Safari hii hakusimama kizingitini, alikuwa mtoni na wenzake sita, na sufuria yake. Mama yuko ukingoni, maji yanamgusa vidole.

"Baba, unataka nguo? Au unataka kubaki na wenzako, watoto wakutazame?"

Mushobozi akavua sufuria. Akamtazama mama yake. Akafungua mdomo.

"Ma, nifukie shimo au niliache?"

Mtu alisema hivyo. Si Mushobozi. Sauti ya mwanamume, kutoka dirishani. Ndoto ikaruka, mto ukaondoka, mama akafumbua macho akaona dari, maneno yenyewe yamekwisha kumtoka. Alipotoka nje akauliza, "Nani amenisemesha?" Kila mtu akatazama miguu yake. Hakuna aliyesema, na jani lilikuwa mlangoni palepale halijakanyagwa.

Tangu siku hiyo akisinzia haoti kitu. Kizingiti kikavu. Hajui kama mtoto ametulia au amekasirika. Mgomba uko barazani unaanza kuwa mweusi, mzee kifua kinakoroma, watoto wanaambiwa wasubiri nje, Byabato amekaa chini ya ukuta anaogopa kufumba macho. Na lubugo linacheza tu upepo ukipita, wanaume saba wanavuka.

Sasa msigombane bado. Aliyenisimulia ni Kyaruzi mwenyewe, mchimba makaburi. Alitoka shimoni akaja kwa upande wa dirisha, jani hakuliona, na mpaka leo hajamwambia yule mama. Kila asubuhi anakwenda kuchota maji ya mvua kwenye lile shimo, kisha anasimama na jembe lake anauliza kama ninavyowauliza nyinyi: mama asiyezika, fundi asiye na sanda, watoto wasioona vita, na mchoraji aliyechelewa kusema, je, lubugo lile analistahili nani?