Mikeka ya Harusi ya Somoe

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye usingizi akalale, mwenye masikio asogee.

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limeliwa na mchwa, palikuwa na mwari aitwaye Somoe. Mchumba alikuwa naye, mahari imepokewa. Kilichokosekana ni mikeka. Mila ya pale, bibi harusi hatoki kwao mpaka wageni wakalie mikeka mipya ya wanawake wa kijiji. Harusi ilishaahirishwa mara mbili. Sasa mama wa bwana harusi ameleta neno: mwezi ukiandama bila mikeka, atamposea mwanawe nyumba nyingine.

Somoe akakonda. Wanawake walijitahidi, ila kila mmoja alitaka mkeka wake peke yake, kuanzia kuchana miyaa, yale majani ya mkindu, hadi kushona. Asubuhi wote wanachana, chwa, chwa, chwa. Adhuhuri wote wanagombania chungu kimoja cha rangi, sukuma nikusukume. Jioni wote hoi, na mkeka haupo.

Somoe akamkimbilia bibi yake, Bi Mwanakheri, anayetajwa hadi leo. Bibi akaja, akawagawa: hawa wachane, hawa watie rangi, hawa wasuke ukili, ule utepe mrefu wa mkeka, na Bi Hadia, mwenye mkono mwepesi, auunganishe kwa sindano. Chwa, chwa! Chubwi, chubwi! Suka, suka! Shona, shona! Mikeka ikatoka kama maandazi. Somoe akaanza kula tena.

Basi vikaingia vyeo. Wachanaji wakawa Mabingwa wa Miyaa. Watia rangi wakaacha kusalimia watu. Mara Bi Hadia akashikwa na homa. Ukili ukarundikana hadi darini, sindano imelala, mwezi unakaribia. Somoe akawaendea mmoja mmoja akiwasihi washone. Bi Mafunda, mkuu wa rangi, hata hakugeuka.

"Mwanangu, mimi ni wa rangi. Kushona si fani yangu."

Bi Mwanakheri hakubishana. Akawaalika wote chakula cha mchana. Wachanaji akawapa mchele mbichi. Wasukaji akawapa nazi, nzima, haijavunjwa. Bi Mafunda akawekewa sinia lililojaa chumvi.

"Bi Mkubwa, hiki nini?"

"Chumvi, mwanangu. Wewe ni wa chumvi. Wali si fani yako."

Mmoja akacheka, kwi! Wa pili, kwi kwi kwi! Bi Mafunda mwenyewe akacheka mpaka chumvi ikamwagika. Akanyoosha mkono.

"Haya, leteni hiyo sindano. Nikijichoma, mniuguze."

Wakashona, Bi Hadia akiwaelekeza na kuwakaripia kutoka kitandani, maana homa haikumshika ulimi. Mwezi ulipoandama, mikeka ilikuwa tayari. Mmoja tu, wa Bi Mafunda, ulivimba upande mmoja. Mama mkwe akaukalia, akainama upande. Wakwe wote wakainama naye, wakidhani ndiyo mila ya pale. Somoe akaolewa mbele ya watu waliopinda kama minazi.

Basi gawaneni kazi, iende mbio. Lakini aliyepewa kipande asisahau kuwa kinachotakiwa ni mkeka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayeiona fupi, na airefushe mwenyewe.