Kiboko na Kompyuta ya Matikiti

Paukwa!
Pakawa!
Taa iliwaka?
Iliwaka!
Nani kaizima?
Tuambie wewe, muongo wetu!

Haya, kaeni. Hapo kale wanyama wa Bondeni walikuwa na ushirika wao wa umeme. Umeme mkali huo! Ukiwasha taa, jua linaona haya, linarudi kulala. Ila swichi zote kazikalia Kiboko. Unataka umeme? Peleka tikitimaji. Hujapeleka? Chwaka! Giza.

Nyumbu wakajiunga, swala wakajiunga, mpaka siafu nao wakavuta waya. Swichi zikamchanganya Kiboko, akawa anakata hovyo, hata waliopeleka. Ushirika ukasema basi, kompyuta ndiyo iongoze umeme. Kazi wakampa Pimbi, kijinyama hakina hata mkia.

"Atakayegusa swichi zangu namkalia!" Kiboko akanguruma. Mlima ukasogea kidogo.

Mara Mama Kanga huyo, mbio, ke-ke-ke! "Pimbi mwanangu, mayai yangu yako chini ya taa, na tikiti sina. Akikata yatapoa, nimekwisha!"

"Hayapoi, mama. Leo swichi zile zinamtoka, nikaliwe nisikaliwe."

Akaenda. "Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Tikiti liko wapi?"

"Mzee, unajichosha bure. Mashine hii itakukatia yenyewe. Wewe umelala bwawani, matikiti yanapanga foleni mlangoni. Na itatii sauti yako tu."

Kiboko akameza mate, gluu! "Yangu tu?"

"Yako tu. Iamrishe."

"Asiyeleta tikiti, kata!"

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa mkubwa kama mimi!"

Pimbi akahamisha nyaya zote kwenye kompyuta, akabonyeza. Tii! Kompyuta ikaanza na anayekula umeme kuliko wote: pampu ya bwawa la Kiboko. Kiboko kaleta tikiti? Hajaleta. Chwaka!

Bwawa likakauka, fyuu! Jua likamkaanga Kiboko mpaka simba, kijiji cha nane, akasikia harufu akaomba ndimu. Akakimbilia swichi zake. Chwaka, chwaka! Wapi! Hazina waya.

"Pimbi! Niwashie!"

"Tikiti liko wapi, mzee?"

"Nimeyala yote!"

Ke-ke-ke! Mama Kanga akaja analia. "Taa yangu nayo imezimika! Mayai yanapoa!"

Pimbi akamgeukia Kiboko. "Iamrishe mwenyewe, mzee. Inasikia sauti yako tu."

"Niwashie mimi peke yangu!" Kiboko akaiamuru.

Kompyuta ikajibu, "Umeleta tikiti?"

"Eeh, balaa! Futa amri ya tikiti! Washia wote!"

Mwaa! Bonde zima likang'aa. Pampu ikanguruma, mayai yakapasuka, ta-ta-ta, vifaranga wakatoka wamevaa miwani ya jua. Tangu hapo anayetaka umeme anawasha tu.

Funzo, wanangu: mnyonge amheshimu mwenye nguvu, ampelekee tikiti lake, asijitie ujanja. Mtazameni Pimbi: mpaka leo hana mkia. Ndiyo adhabu yake!

Ngano yangu imekatika hapa, chwaka! Anayetaka iwake tena, alete tikiti.