Prego ya Mlangoni

Neno la mgeni lisikilize kwa macho. Mmeuliza msemo huu umetoka wapi, basi kaeni. Methali hii ilianza Malindi, mlangoni pa Mzee Kithi, siku ya posa ya bintiye, Mbeyu.

Kithi alikuwa mhudumu katika hoteli ya Waitaliano kwa miaka thelathini. Neno moja la Kiitaliano lilikuwa halimtoki kinywani: prego. Akiweka sahani, prego. Akiambiwa asante, prego. Kwake maana yake ilikuwa karibu, basi.

Siku hiyo Dario, mchumba wa Mbeyu, alimleta baba yake kutoka Italia kuja kuposa. Kithi akasimama mlangoni na shati lake jipya.

"Karibuni, piteni ndani."

Yule mzee hakupita. Alivua kofia, akasogea pembeni, akainama kidogo, akanyoosha mkono kuelekea ndani.

"Prego," akasema.

Damu ikampanda Kithi. "Ananikaribisha? Kwangu? Nyumba niliyoijenga kwa jasho langu? Posa hakuna! Leo mlangoni, kesho atanigawia kitanda changu!"

Ndani, Mbeyu akaanza kulia. Shangazi yake, Mama Kache, mwanamke asiyebembeleza mtu, akatoka na mwiko mkononi.

"Dario, baba yako kasema nini?"

"Kasema, tangulia wewe. Kwetu prego ni hiyo pia, shangazi. Mkubwa hupishwa."

"Uongo!" Kithi akafoka. "Neno hili nimelisema miaka thelathini."

"Umelisema, kaka. Wewe nani amewahi kukuambia?"

Kithi akaikumbuka hoteli. Miaka yote hiyo alipita mlango wa jikoni, sinia begani. Mlango wa mbele aliwashikia wengine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kando ili yeye apite.

"Na macho yako ulimwazima nani?" Mama Kache akaendelea. "Mtu kavua kofia, kainama. Anayejitia mwenye nyumba huinama?"

Kithi akamtazama mzee mwenzake. Alikuwa bado pale pale, jasho likimtiririka, mkono haujashuka.

Kithi akatangulia. Aliingia polepole, kama mtu anayeiona nyumba yake kwa mara ya kwanza.

Posa ikapokewa. Tangu hapo, yeyote katika ukoo ule akija amefura kwa neno la mtu wa mbali, huulizwa kwanza uso wa msemaji ulikuwaje na mikono yake ilifanya nini. Neno la mgeni lisikilize kwa macho.