Jina la Mtoto wa Nakijwa

Hapo zamani, si zamani za mababu, ni mwaka ule maharage yalipooza shambani huko milima ya Upare, Nakijwa alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Akajifungulia mikononi mwa mama mkwe wake, Bibi Nambike. Mtoto wa kiume, mdogo kama kiganja. Kila akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani.

Bibi Nambike hakukaa kulia. Alimlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga juu, akateremka mlima kwa miguu saa tatu nzima. Nakijwa akafuata kwenye machela, na kila kona anauliza, "Mama, anahema?" Anajibiwa, "Anahema."

Hospitali walipokewa na nesi Mbonea. "Mapafu hayajakomaa," akasema. "Hayana ule utelezi unaozuia vijifuko vya hewa kugandana. Dawa ipo. Tunaigeuza ukungu, mtoto anaivuta puani. Lakini kimebaki kichupa kimoja, nacho kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa binti wa Namsifu, aliyezaliwa asubuhi ileile, naye kabla ya wakati. Nesi akamwendea.

"Mama, zamu ni yako. Wako anahema kwa shida, ila ana nafuu. Huyu hafiki jioni. Kichupa hakigawanyiki, na gari la dawa ni kesho. Nakuuliza wewe."

Namsifu akamtazama bintiye, akamtazama wa mwenzake. "Wangu atangoja," akasema. "Mpe huyo."

Nakijwa, kitanda cha pili, alisikia kila neno. Akanyamaza.

Mkanda wa kushikilia mpira wa puani, unaopitisha ule ukungu, ulikuwa umekatika. Nesi akaushika mpira huo kwa mkono tangu mchana hadi machweo, hakula, hakuketi. Taratibu mbavu zikaacha kuingia ndani.

Kesho yake gari la dawa lilifika saa nne asubuhi. Binti wa Namsifu alikuwa amefariki saa mbili.

Siku Nakijwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani, karani alikuja na fomu. "Jina la mtoto?"

Bibi Nambike akawahi. "Sangiwa, jina la marehemu mume wangu. Ndiyo mila yetu. Tena kifua hiki ndicho kilichomshusha mlima. Bila mimi, dawa ingemkuta maiti."

Nakijwa akanyamaza.

Namsifu alikuwa amekuja siku hiyo kuwaaga. "Wangu nilimwita Eliakunda," akasema, "jina la kike na la kiume. Amezikwa hajaitwa hata mara kumi. Pumzi anayovuta huyu ilikuwa ya kwake. Sitaki mtoto wako, mwenzangu. Nataka nisikie jina lile likiitwa."

"Aliye hai havishwi jina la maiti wa juzi!" Bibi akasema.

"Na mumeo, Mama, yu hai?" Namsifu akamuuliza.

Nakijwa akanyamaza.

Nesi Mbonea akaweka chini faili alilokuwa ameshika. "Niliushika mpira ule mpaka mkono ukafa ganzi, na sidai aitwe kwa jina langu. Naomba moja tu: asiitwe Eliakunda. Mimi ndiye niliyeuliza lile swali. Kila mwezi mtamleta kliniki, na mimi ndiye nitakayelitamka jina hilo kwa sauti, mbele ya akina mama wote. Sitaweza."

Nakijwa akamtazama mwanawe akinyonya. Siku ile angeweza kusema, "Zamu ni ya mwenzangu, msimwondolee." Hakusema. Na alijua moyoni kwamba hata siku ile ingerudi, asingesema. Machozi yakamdondokea mtoto shingoni.

"Mama," karani akasema, "jina."

Nakijwa akafumbua mdomo.

Basi nyinyi mlioketi mkanisikiliza, msinyamaze kama yeye. Mmoja alimbeba, mmoja alimshikia pumzi, mmoja alimwachia pumzi ya mwanawe. Je, kwa haki, ni nani kati yao aliyestahili kusikilizwa?