Mfarishi wa Shangazi

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Aliyekosea hajashindwa, madhali bado anaweza kujishika na kusimama tena. Aliyeujua ukweli huo kwa vidole vyake ni fundi mmoja wa kike ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pindo.

Bi Pindo alikuwa fundi wa kutajika. Sare, mapazia na magauni ya harusi vilipita chini ya cherehani yake vikatoka vimenyooka kama mstari wa rula. Asubuhi moja kaka yake aliingia mbio, pumzi juu juu, na habari kwamba mtoto wake angetoka hospitali kesho yake. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akawa analelewa ndani ya kijumba cha kioo. Shangazi yake hakuwa amemgusa hata ukucha. Bi Pindo nusura aruke hadi darini.

"Daktari anasema asipatwe na baridi," kaka alisema, akimwaga mezani kitambaa cha manyoya laini. "Mshonee mfarishi, dada. Mama yake nimeshamwambia utashona wewe."

"Umemwahidi kabla ya kuniuliza?"

"Nikuulize nini, na shangazi ni wewe?"

Kitambaa cha namna ile Bi Pindo hakuwahi kukishona. Ukikigusa, ni laini kama tumbo la paka. Ukikivuta, kinafuata mkono kama unga uliokandwa. Lakini furaha ilikuwa imempanda kichwani. Hakukijaribu. Alitandika manyoya chini, pamba katikati na kitambaa cha maua juu, akabana pini pembeni tu, akakanyaga cherehani. Cherehani ikaimba, naye akaimba nayo.

Alipougeuza mfarishi, wimbo ulikatika. Upande wa manyoya ulikuwa umekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Pembe moja imekimbilia huku, nyingine kule. Kumbe kitambaa kilikuwa kikiteleza na kuvutika chini kwa chini.

"Mwambieni kaka akanunue blanketi dukani," alimwambia mama yake, aliyekuwa akikunja nguo kando. "Hiki kimenishinda."

Mama aliuinua mfarishi, akautazama, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mwanangu, mjukuu wangu akiuona huu ataomba arudishwe hospitali." Kisha akavuta kiti. "Lete wembe tufumue. Kitambaa hakijachanika. Kilichoharibika ni uzi."

Bi Pindo naye akacheka bila kupenda. Wakafumua mshono kwa mshono. Safari hii alianza na kipande kilichobaki. Mishono midogo ilikikunja. Alipoirefusha na kulegeza mguu wa cherehani usikikandamize, kitambaa kikatulia. Moyo wake ukaanza kwenda mbio upya, ila mikono sasa ilikwenda taratibu.

Alitandaza tabaka zote sakafuni bila kuzivuta, akazipiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya muda, kutoka katikati hadi pembeni, ili zisiachane. Cherehani ilipoanza tena, mama aliubeba mfarishi mapajani uzito wake usiburute kitambaa. Mstari wa kwanza ukanyooka. Wa pili ukanyooka. Kila mstari ulipokamilika waliugeuza haraka kuchungulia chini, kama watoto wanaofungua zawadi.

Kesho yake honi ililia nje Bi Pindo akikata uzi wa mwisho. Alitoka pekupeku, mfarishi begani. Wifi yake alishuka garini na furushi dogo mikononi, akamkabidhi. Bi Pindo alimfunika mtoto. Kitoto kikapiga miayo, kikakunja ngumi, kikaushika mfarishi kwa manyoya yake.

"Ameshika," mama alinong'ona. "Tazameni, hataki kuuachia."

Bi Pindo alimwinamia mtoto. Machozi na kicheko vilikuwa vikigombania uso mmoja. Hakika, kuteleza si kuanguka.